Nyasi Mpya za Kasubi na Mbao Mpya za Ise

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba jumba la Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya makaburi ya Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, linaloonekana leo pale Kasubi mjini Kampala, ni nakala tu ya lile lililoteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na kwamba fedha zilizolijenga upya zingefaa kununulia dawa za zahanati. Kuhusu zahanati sina ugomvi naye. Ninachokataa ni hukumu yake kwamba nyumba iliyosimamishwa kwa miti mipya na kuezekwa kwa nyasi mpya haiwezi kuwa ile ile aliyoijenga Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882 na kuzikwa humo miaka miwili baadaye. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alitoa mfano wa Japani, akisema nchi hiyo iliendelea kwa sababu iliyapa kisogo mambo ya kale, nami nitamjibu kwa Japani hiyo hiyo.

Katika mji wa Ise, mkoa wa Mie, kuna mahali patakatifu kuliko pote katika dini ya Kishinto. Hekalu la ndani ni la Amaterasu, mungu wa kike wa jua, ambaye ukoo wa wafalme wa Japani hujihesabu kuwa uzao wake, na hekalu la nje ni la Toyouke, anayehusishwa na chakula. Majengo yake ni ya mbao za hinoki, mti wa jamii ya miberoshi, zisizopakwa rangi, na paa zake ni za nyasi. Kila baada ya miaka 20 mahekalu hayo hujengwa upya yote katika kiwanja cha pili kilichoachwa wazi kando yake, kisha mungu huhamishiwa humo usiku, taa zikiwa zimezimwa, na majengo ya zamani hubomolewa. Desturi hiyo ilianza kutekelezwa mwaka 690, katika utawala wa Malkia Jito. Mara ya 62 ilikuwa Oktoba 2013, na ya 63 inatarajiwa mwaka 2033. Maandalizi yake yamekwisha kuanza, kwa kuwa ibada ya kwanza, ile ya kumwomba mungu wa mlima idhini ya kukata miti, ilifanyika mwaka 2025.

Maana yake ni kwamba mtu anayesimama leo mbele ya ua wa Ise anatazama paa lililowekwa na mafundi ambao wengi wao wangali hai. Hakuna Mjapani ninayemjua, wala mwandishi yeyote niliyemsoma, anayeliita hekalu hilo nakala. Wanalihesabu kuwa lile lile la enzi za Jito, nao hawajidanganyi, kwa sababu wanachokihesabu ni kazi isiyokatika, na umri wa ubao hauwashughulishi. Ningependa kuongeza, kwa faida ya wale wanaodhani kwamba kitu hakina thamani mpaka kipewe cheti na UNESCO, kwamba Ise haimo kabisa katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na haionekani kupungukiwa na chochote kwa hilo.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Miti inayohitajika ni kama 10,000, na mingi hukatwa katika milima ya Kiso. Wakazi wa Ise wenyewe huyavuta magogo kwa kamba, barabarani na mtoni, huku wakiimba, na jengo linapokaribia kukamilika huingia kwa zamu kuweka kokoto nyeupe katika uwanja ambao, mungu akishahamia, hawataukanyaga tena. Pamoja na majengo hutengenezwa upya zaidi ya vitu 1,500 vya hekaluni, tangu panga na vioo vya shaba hadi nguo za hariri na matandiko ya farasi, na kila kimoja kinahitaji fundi wake: mfua chuma, mfumaji, mpakaji wa utomvu wa kung'arishia vyombo. Kiwanja kinachobaki kitupu hakiachwi kitupu kabisa, kwani katikati yake hubaki kibanda kidogo kinachofunika mahali pa nguzo ya katikati, kikisubiri zamu yake miaka 20 ijayo. Nguzo kuu zilizobomolewa nazo hazitupwi, maana huchongwa upya zikawa malango ya daraja liitwalo Uji, la kuingilia hekalu la ndani, na zikimaliza utumishi huo hupelekwa kutumika kwingine nchini.

Kwa nini miaka 20? Zipo sababu kadhaa zinazotajwa, lakini inayonishawishi mimi, niliyefundisha kazi za mikono kwa muda mrefu, ni ya ufundi. Kijana akiingia kazini akiwa na miaka 20 hubeba na kuranda. Akifika 40 ndiye anayepima na kukata viungo. Akifika 60 hukaa pembeni akiwasimamia wengine. Kwa hiyo kila ujenzi huwakutanisha vizazi vitatu katika kiwanja kimoja, na hakuna hata siku moja ambapo ujuzi unakuwa katika kitabu peke yake.

Wala Ise si hadithi ya ushindi mtupu. Katika karne za vita vya ndani fedha ziliisha, na hekalu la ndani, lililojengwa upya mwaka 1462, halikujengwa tena hadi mwaka 1585. Wataalamu wa historia ya majengo wanakubali kwamba baada ya pengo hilo baadhi ya mambo hayakurudi sawasawa na yalivyokuwa. Hayo yaliwapata watu wenye kumbukumbu za maandishi na makuhani wa kurithi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ujenzi uliotakiwa mwaka 1949 ulisogezwa hadi 1953, na kwa kuwa katiba mpya iliitenga dini na serikali, gharama zilibebwa na michango ya wananchi waliokuwa bado wanaganga njaa. Nadhani walikuwa wameelewa vyema kilichopotea katika lile pengo la kwanza.

Sasa turudi Kasubi. Msomaji mwenzangu anazungumza kana kwamba jumba lililoungua lilikuwa halijawahi kuguswa tangu Muteesa. Lilikwisha kukarabatiwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1938, na vifaa vya kisasa vikaingizwa, na nyasi za paa zilibadilishwa mara nyingi kabla na baada ya hapo, kwa sababu hakuna nyasi inayodumu karne nzima. Kisichobadilika ni nani anayefanya na kwa utaratibu gani. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, ambao mwiko wake ni mbega, chini ya kiongozi wao wa jadi, na wakati kazi inaendelea ipo miiko ambayo kila anayepanda paa lile lazima aishike. Pete 52 zinazolishikilia paa kutoka ndani zinasimama badala ya koo 52 za Baganda, na ukoo mmoja hauwezi kujitwalia pete ya mwenzake. Ikiwa kipimo cha ukweli ni umri wa mbao, basi jumba la mwaka 2009 nalo lilikuwa nakala, na lile la 1950, na huenda hata la 1890. Ikiwa kipimo ni mikono na miiko, jumba halikuwahi kufa.

Watu walinung'unika kwamba ujenzi ulichukua miaka mingi mno, na ni kweli kwamba mahali hapo palikaa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2010 hadi Septemba 2023. Sitadai kwamba miaka yote hiyo 13 ilitokana na miiko. Lakini sehemu iliyotokana na miiko siihesabu kuwa ucheleweshaji, kama vile hakuna anayeihesabu miaka minane ya ibada na maandalizi ya Ise kuwa uvivu wa makandarasi.

Nashuku kwamba chini ya hoja ya nakala limejificha jambo jingine, nalo ni dharau kwa nyasi. Katika nchi yetu mtu akipata fedha huondoa nyasi akaweka mabati, na mtoto wa shule aliyelelewa katika nyumba ya nyasi huona haya kusema. Simlaumu, mabati hayavuji na hayahitaji kubadilishwa kila mara. Ila si lazima dharau ifuate starehe. Japani ya karne ya 16 ilikuwa na mtawala, Toyotomi Hideyoshi, aliyejitengenezea chumba cha kunywea chai kilichofunikwa dhahabu. Mwalimu wake wa chai, Sen no Rikyu, alikwenda njia nyingine kabisa. Alichukua kibanda cha maskini, chenye kuta za udongo na miti isiyonyooka, akakifanya kuwa mahali pa heshima kuliko kasri. Kimoja kinachohusishwa naye, Taian, kipo hadi leo karibu na Kyoto: ukubwa wake ni mikeka miwili tu, na mlango wa vibanda vya namna hiyo ni mfupi kiasi kwamba mgeni, hata awe jemadari, huacha upanga nje akaingia kwa kutambaa. Taian leo ni hazina ya taifa. Rikyu mwenyewe aliamriwa na Hideyoshi ajiue mwaka 1591, na sababu yake wanahistoria wanaijadili hadi sasa, lakini ladha iliyobaki katika vyombo vya udongo, bustani na nyumba za Wajapani ni ya Rikyu, wala si ya chumba cha dhahabu.

Anayeingia Kasubi huvua viatu, hukaa chini kwenye mikeka, na mwanga ni hafifu kwa sababu paa limeshuka karibu na ardhi. Sioni kwa nini unyenyekevu huo uitwe falsafa ukiwa Kyoto na uitwe ushamba ukiwa Kampala.

Tahadhari moja ya kidini inafaa hapa, maana wapo watakaosema kwamba ninachanganya mambo. Kishinto na Kasubi havifanani katika jambo la msingi kabisa. Kwa Kishinto kifo ni unajisi, ndiyo maana Wajapani wengi humpeleka mtoto mchanga kwenye hekalu la Kishinto lakini humzika mzee kwa ibada ya Kibuddha, na ndiyo maana Ise, mahali pa usafi na upya, hapana kaburi. Kasubi ni makaburi ya Makabaka wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Muteesa wa Pili. Ila hata hapo kuna jambo la kutafakari, kwa kuwa kwa desturi ya Buganda haisemwi kwamba Kabaka amekufa, na sehemu iliyo nyuma ya pazia la lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti, ambako hakuna mgeni anayeruhusiwa, huitwa msitu, mahali walikoingia na kutoweka. Mimi ni Mwislamu na sishiriki ibada za Kasubi wala za Ise. Nimeona tu kwamba pande zote mbili paa haliezekwi na mkandarasi aliyeshinda zabuni, linaezekwa na mtu mwenye zamu, mwiko na hofu ya kuikosea kazi, na ufundi ukitenganishwa na hofu hiyo hubadilika ukawa kazi ya vibarua.

Pazia hilo la lubugo nalo lina jamaa yake Japani. Karatasi ya Kijapani iitwayo washi hutengenezwa kwa gome la ndani la mti wa kozo. Matawi hukatwa wakati wa baridi, hupikwa kwa mvuke, gome huambuliwa, sehemu nyeusi hukwanguliwa, na nyuzi nyeupe zinazobaki huchemshwa na kupondwa kabla ya kuchanganywa na maji na kuchotwa kwa chekeche la mianzi. Kisiki huachwa kichipue tena. Nyumbani kwetu Mpigi, mafundi wa ukoo wa Ngonge hufanya kazi yao msimu wa mvua. Hukwangua gome la nje la mti wa mutuba, hukata mviringo juu na chini, hupasua mstari mmoja wa wima na kulibandua gome lote kwa kipande cha mgomba kilichochongwa, kisha huuvika mti majani ya mgomba usikauke mpaka uote gome jingine. Gome hugongwa bandani kwa nyundo za mti zenye mifereji, wakianza na yenye mifereji mipana na kumalizia na yenye mifereji myembamba, hadi linapanuka mara kadhaa na kuwa laini kama nguo. Kozo na mutuba ni wa jamii moja ya mimea, ile ya mforosadi. Lubugo uliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2008, na ufundi wa washi mwaka 2014, ingawa aina moja ya karatasi hiyo, ya Sekishu, ilitangulia mwaka 2009. Safari hii, basi, sisi ndio tuliotangulia.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna deni katika jambo hilo, nami nalitaja kwa kupita. Lubugo ulianza kurudi nyuma pale misafara ya pwani ilipoleta vitambaa vya pamba katika baraza la Kabaka, na misafara hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea lugha hii.

Kuhusu dai kwamba Japani iliendelea kwa kuyaacha ya kale, mwandishi huyo yuko sahihi nusu, na nusu hiyo inatisha. Mwaka 1868 serikali mpya iliamuru Kishinto kitenganishwe na Ubuddha, dini zilizokuwa zimeishi pamoja kwa zaidi ya miaka elfu moja, na watu wenye pupa wakaanza kuvunja mahekalu ya Kibuddha, kuchoma sanamu na kuziuza kwa bei ya kuni. Kishinto chenyewe kikageuzwa chombo cha dola na kutumiwa kuhimiza vita. Haya hayakuwa maendeleo. Walipozinduka walitunga sheria ya kuhifadhi mahekalu ya kale mwaka 1897, na baada ya moto wa tarehe 26 Januari 1949 kuharibu michoro ya ukutani ya Horyuji, hekalu lenye majengo ya mbao yaliyo miongoni mwa makongwe kuliko yote duniani, wakatunga sheria pana ya mwaka 1950, inayolinda majengo na, jambo ambalo nchi nyingi hazikuwa nalo wakati huo, inayolinda pia ujuzi.

Ni Japani hiyo iliyowakusanya wataalamu wa kuhifadhi urithi mjini Nara mwaka 1994. Kabla ya hapo kipimo cha uhalisi kilikuwa kimeegemea mno kwenye kitu chenyewe, kipimo kilichowafaa wenye majengo ya mawe. Tamko la Nara lilisema kwamba uhalisi upimwe pia kwa matumizi, desturi, ufundi na roho ya mahali, kila utamaduni kwa vigezo vyake. Msomaji mwenzangu anatumia kipimo ambacho waliokitunga wenyewe walikubali kukipanua zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Kwa hiyo lawama yangu imeelekea kwingine. Hatukukosea kujenga upya Kasubi. Tumekosea kungoja moto ndipo tujenge. Japani hutoa yeni milioni 2 kila mwaka kwa kila fundi anayetambuliwa kuwa hazina hai ya taifa, kwa sharti kwamba afundishe, na tangu 1975 inao pia mpango wa kuwalinda mafundi wa kukarabati, wakiwemo waezekaji wa nyasi. Ise ilianza mwaka 1923 mpango wa miaka 200 wa kupanda hinoki katika msitu wake, na sehemu ya mbao za mwaka 2013 zilitoka humo. Serikali kuu na serikali ya Mengo, yaani ya ufalme wa Buganda, zinaweza kukubaliana juu ya ratiba ya kudumu ya kubadilisha nyasi, sehemu baada ya sehemu, paa likiwa bado zima, ili kijana wa Ngeye asisubiri maafa ndipo ajifunze. Zinaweza kutenga mashamba ya nyasi za kuezekea nje ya mji, kwa kuwa Kampala inameza kila bonde. Na posho ya mwezi kwa waezekaji wazee wachache na kwa wagonga lubugo haizidi gharama za warsha moja ya hotelini.

Lipo pia suala la moto. Japani, kupitia mfuko wake ulioko UNESCO, ilikuwa miongoni mwa waliosaidia ukarabati wa Kasubi, hasa upande wa kinga ya moto. Wenyewe wameifanya tarehe 26 Januari, siku ya moto wa Horyuji, kuwa siku ya mazoezi ya kuzima moto katika majengo ya kale nchi nzima, na katika kijiji cha Shirakawa, chenye nyumba kubwa za nyasi, mabomba hufunguliwa yote kwa pamoja kila majira ya kupukutika majani mpaka paa zote zinafunikwa na maji. Napendekeza tarehe 16 Machi iwe hivyo kwetu, Kasubi na katika makaburi ya kifalme ya Wamala pia: askari wa zimamoto, walinzi na majirani wafungue mabomba mbele ya watu, na lisilotoa maji lijulikane siku hiyo.

Mwisho nakuomba, Ndugu Mhariri, umtume mwandishi wako kwa waezekaji wa Ngeye akawaulize wako wangapi wanaoweza kuliezeka paa lile kuanzia pete ya kwanza hadi ya mwisho, wana umri gani, na ni nani anayejifunza kwao sasa hivi. Majibu yao ningependa kuyasoma katika gazeti lako kabla ya 2033.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa kazi za mikono,
Mpigi